Mama Alipotolewa Kizazi

Mke wangu mdogo Neema,

Za Mbeya? Huku Mgololo ukungu umetufunika, ila uzuri wa babu yako bado unaonekana. Bibi yako hajambo, na mdomo wake pia.

Umeuliza mama yako achague upasuaji upi: atolewe kizazi kilichoshuka, au kipandishwe, kishonwe, kibaki. Daktari amesema njia zote mbili zinamfaa, na kwa yoyote hali inaweza kurudi. Yeye hataki kutolewa, maana mdogo wako tuliyemzika hakuwahi kuwa na nyumba nyingine.

Mama yangu alikubali kutolewa. Mimi, mjuaji wa darasa la nne, nilidhani kizazi ni sisi watoto, nikamwambia dada, "Leo tunafutwa." Alipozinduka wodini Iringa, akatuita kwa majina, tukaitika. Kisha akamwita Tumaini, pacha wangu aliyekufa mchanga. Nyuma ya pazia, kwenye kitanda kitupu, sauti ya msichana wa rika langu ikasema, "Abee, mama."

Mama akatabasamu, akalala.

Basi mwambie mwanangu achague linaloufaa mwili wake. Akizinduka, amwite tu yule mdogo wako. Ataitika.

Babu yako mtanashati