Aliandika Nani?

Kwako kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa shemeji yako na kwa wapwa zako wanaokuulizia kila siku. Natumaini kazi inakwenda na kile kikohozi kimekuacha. Utashangaa kupata karatasi badala ya meseji. Vumilia, nitakueleza.

Mwezi uliopita mama alikutumia ujumbe wa sauti. Unamjua mama yetu, hatoi habari mbaya kabla hajamaliza habari za wote mpaka za paka. Akasema sote wazima, paka kazaa, jirani kapaka nyumba rangi, ila daktari amemwambia jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, naye angependa akuone angali anaona. Jibu lako likaja papo hapo: “Nimefurahi sana kusikia mko salama. Muwe na siku njema.” Aliniomba nimsomee mara ya pili. Kisha akaisukuma simu chini ya mto. Mimi nilikutukana kimoyomoyo mpaka nikachoka.

Juzi nikiwa kwenye cherehani, bibi harusi niliyemshonea gauni akanitumia sauti ndefu. Mikono ilikuwa na kazi, nikasoma tu yale maandishi mafupi yanayotokea chini ya sauti siku hizi, tangu simu zetu zitiwe akili mnemba ambayo hakuna aliyeiomba. Mimi naiita Kimbelembele. Kimbelembele akaandika kuwa mteja ni mzima na gauni amelipokea, akaniwekea na jibu tayari. Nikabonyeza. Haukupita muda mrefu, mwenyewe huyo mlangoni, gauni mkononi, macho mekundu. Kumbe alisema amelipokea, ila zipu haifungi na ndoa ni kesho. Yote yaliyofuata baada ya “ila” Kimbelembele alikuwa ameyameza.

Akanionyesha jibu nililompa. Nimefurahi sana kusikia uko salama. Uwe na siku njema. Kaka, nilikaa sakafuni. Yalikuwa maneno yako kwa mama. Hukumsikiliza hata kidogo, ulifupishiwa.

Zipu niliibadilisha, harusi ikafungwa. Nikaenda kwa mama mbiombio, nikidhani nampelekea nafuu. Nikamweleza polepole kwamba mwanawe hakumdharau, ni simu iliyojibu. Akaniuliza, “Na zile meseji zake za kila Ijumaa, za kusema ananikumbuka, aliandika nani?”

Nilishtuka kuliko siku niliyosikia habari ya macho yake. Nimezisoma tena zote, na zangu pia. Sijui, kaka. Nisamehe, lakini kweli sijui.

Usimjibu kwa simu. Njoo umwambie, angali anauona mdomo unaosema.

Shemeji yako na watoto wanakusalimu sana. Mama amekataa kutuma salamu. Anasema zake utazikuta ukifika.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba