Siku Tuliyokwenda Kuona Meli

Jumanne, 2 Agosti 1955. Manyoni.
Nimefagia uwanja mara mbili. Mara ya pili hapakuwa na kitu cha kufagia. Uwele wote umo ghalani, mikono haina kazi, mwili hautulii. Miezi miwili sasa sijaona siku zangu. Sijamwambia Zakaria. Mimba mbili zimetoka kabla ya hii. Ile ya pili alikuwa ameshanunua kitambaa cha kumbebea mtoto. Ilipotoka alikikunja tu akakificha sandukuni. Safari hii nitanyamaza mpaka tumbo lijiseme lenyewe.

Jioni karudi kutoka kazini stesheni na habari. Amepata likizo na pasi ya reli ya watu wawili. Twende Dar es Salaam, anasema, tukatembee, tuone meli. Miaka minne ya ndoa hajanifikisha hata Dodoma. Nimeuliza kwa nini sasa. Kasema basi tu.

Basi tu si jibu.

Jumatano, 3 Agosti.
Nimechemsha viazi vya njiani, nimekaanga kuku. Naogopa gari la moshi litanitikisa tumbo. Ningesema siendi, ingenibidi nitoe sababu. Kwa hiyo naenda.

Zakaria anapaka viatu rangi huku anapiga mbinja. Mtu huyu hapigi mbinja.

Alhamisi, 4 Agosti. Ndani ya gari.
Daraja la tatu, benchi la mbao. Naandika kwa penseli, herufi zinaruka. Nimekalia kanga tatu zilizokunjwa. Zakaria ndiye aliyeniwekea, bila kuombwa. Nilimtazama, akageukia dirishani.

Sipendi kutojua.

Ijumaa, 5 Agosti. Dar es Salaam.
Tumefikia kwa shangazi yake, Shangazi Marta, Ilala. Nimempigia goti, shikamoo, akanishika mashavu akasema nimekonda. Mama mwema, anacheka kwa mwili wote. Joto la hapa linakaa kifuani kama mtu.

Zakaria kaoga akatoka, eti anakwenda kumsalimu rafiki. Rafiki gani, hakusema. Karudi jua limezama, shati limelowa jasho, hakula. Shangazi kaniangalia, mimi nikaangalia sufuria.

Jumamosi, 6 Agosti.
Niandike yote leo, nisije nikajidanganya kesho.

Asubuhi tulipanda basi mpaka Kariakoo. Nimekaa dirishani. Baiskeli nyingi kuliko ng'ombe wa kwetu. Sokoni nikaona samaki mrefu kama mtoto wa miaka mitano, jicho wazi. Nilitaka kukaa pale mchana kutwa. Zakaria alikuwa na haraka, akanipandisha basi la pili, akanishusha mbele ya hospitali. Akanionyesha jengo, madirisha, mlango wa akina mama. Wakunga wake wamefunzwa, akasema, na usiku na mchana wapo. Alisema kama mtu anayeuza mbuzi. Nikauliza kama ndiyo meli tuliyokuja kuona. Hakucheka.

Basi la tatu, pwani. Bustani nzuri, miti imepandwa kwa mstari. Tukakaa kwenye benchi. Askari akaja akatuambia benchi hilo ni la Wazungu. Lilikuwa tupu. Tukasimama. Zakaria akasema samahani bwana, na mimi nikaona haya kwa ajili yake, kisha nikamwonea hasira aliyenifanya nimwonee haya mume wangu.

Tukafika lango la bandari. Meli tatu, nyeupe moja, mbili zenye kutu. Winchi inainua marobota ya katani juu kama hayana uzito. Nilisahau miguu yangu. Ni kweli, nilisahau kila kitu.

Hapo akatoka mtu langoni, mnene, kofia ya kazi kichwani. Akamshika Zakaria mkono. Akasema, "Huyu ndiye mama? Karibu sana, mama. Zakaria, tarehe moja tunakutegemea kazini."

Kisha akaenda zake.

Nikamwuliza Zakaria tarehe moja ya nini. Akasema amepewa uhamisho, kupanga mabehewa hapa bandarini. Nikauliza ameshakubali. Akasema ameweka sahihi jana. Kwa hiyo rafiki wa jana ni karatasi. Na matembezi haya yote ni dawa ya kunilainisha. Shamba langu nimelima mwenyewe miaka minne. Mama yangu yuko Kinyangiri, macho yake yanafifia, hana binti mwingine. Haya yote kayatia sahihi bila mimi.

Sikupiga kelele. Basi lilisimama, nikapanda. Yeye alidhani natania. Mlango ukafungwa.

Sikujua linakwenda wapi. Nilimwambia kondakta nafika mwisho. Mwisho ukawa minazi, mchanga na nyumba chache. Nilishuka mpaka kwenye maji. Nikachota kwa kiganja nikaonja. Machungu kuliko ziwa la Singida, na ziwa lile najua uchungu wake. Hakuna aliyenijua pale. Hakuna aliyetazama tumbo langu akahesabu miaka. Nikatembea na viatu mkononi, nikaenda, nikarudi, nikaenda tena. Nilifurahi. Sipendi kuandika hivi, lakini nilifurahi.

Basi lile lile likanirudisha. Jua lilikuwa limeinama. Zakaria alikuwa amesimama palepale kituoni, shati limeshikana na mgongo. Mwuza machungwa akaniambia mtu huyu kaangalia kila basi, hata maji hakunywa.

Tukakaa chini, kwenye ukingo wa barabara. Nilimwuliza kitu kimoja tu, kwa nini alinificha. Akasema anajua nina mimba.

"Nani kakwambia?"

"Ukuta wa jiko una mashimo. Unakula udongo."

Ni kweli nakula. Nilidhani nauchimba mahali pasipoonekana.

Akatazama chini akanieleza habari za Tabita. Nilijua alikuwa na mke kabla yangu, kwamba alifariki na mtoto, basi. Hakuwahi kunipa zaidi, nami sikuomba. Leo kanipa. Mvua zilikuwa zimeikata reli. Siku mbili Tabita ana uchungu, na barabara nayo ni tope. Zakaria alitembea kufuata njia ya reli kuangalia kama gari linakuja, akarudi, akatembea tena.

"Mimi mtu wa reli," akasema, "na sikuwa na gari la kumpandisha mke wangu."

Kisha akasema nyumba yetu ya Manyoni imemtolea maiti wawili. Hatalala ndani yake tena akinisikiliza napumua.

Nilimwambia angeniambia. Akasema na mimi ningemwambia. Tulikula machungwa sita.

Jumapili, 7 Agosti. Ndani ya gari.
Bado nina hasira. Hasira na huruma zimekaa benchi moja. Nimempa masharti. Kwanza nakwenda kwa mama, mimi mwenyewe, nimwambie kwa mdomo wangu. Pili, asitie sahihi tena juu ya maisha yangu nikiwa sipo. Akakubali haraka mno. Nikamwambia akubali tena, polepole. Akakubali polepole.

Jumamosi, 20 Agosti. Kinyangiri.
Nimekuja kwa lori la pamba, mbele na dereva. Nimemwambia mama habari za kuhama tukibangua karanga. Nikamwomba twende naye. Hataki, anasema bahari haina shamba, atakaa kwa kaka yangu. Shamba langu la Manyoni nimeshampa mke wa jirani.

Kisha mama akanyoosha mkono akanishika tumbo. Sikuwa nimesema kitu juu ya mimba. Akasema kwa Kinyiramba kwamba macho ndiyo yanayokufa, siyo vidole.

Kumbe nilikuwa namficha nani?

Nililia kidogo. Yeye aliendelea kubangua.

Jumatatu, 29 Agosti. Manyoni.
Mizigo imefungwa. Miezi mitatu, na mimba bado imeshika. Zakaria yuko stesheni anawaaga wenzake.

Alasiri nimekwenda kwenye makaburi, ng'ambo ya reli. Sijawahi kufika. Nimeuliza la Tabita ni lipi, nikaonyeshwa. Dogo liko ubavuni mwa kubwa. Nyasi kavu zilikuwa zimeota juu ya yote mawili. Nimezing'oa kwa mkono, taratibu, na upepo ukawa unazichukua.

Nikamwambia Tabita kwamba tunaondoka kesho. Kisha nikamwambia jina langu.