Muthokoi ya Baba Mwelu

Kinoo, 9 Februari 2025

Mama Mwelu,

Habari ya huko Kathonzweni? Mvua imewakumbuka ama bado? Mimi niko, lakini si sana. Naandika kwa karatasi nipatie dereva wa mizigo, kwa sababu nikituma kwa simu Mwelu atasomea jikoni yote.

Tumbo yangu imefunga. Ni miaka sasa, nilikuwa naona aibu kukuambia. Nakaa kwa choo mpaka jirani yangu Jackton anagonga kuuliza kama nimehamia huko. Sasa natoa damu. Daktari amesema ni bawasiri, na nisipobadilisha chakula nitapasuliwa.

Akauliza nakula nini. Nikasema mchana huko kazini Westlands ni chips ama mkate mweupe, jioni ni muthokoi ya bibi yangu, mahindi ametwanga mpaka maganda yakatoka. Nilidhani atanisifu. Akauliza, "Maganda ya hayo mahindi huenda wapi?" Nikasema kwa kuku. "Basi hao kuku wako na afya kukushinda." Ati kuna bakteria wazuri ndani ya tumbo, chakula yao ni hayo maganda, na mimi nimewalaza njaa.

Kwa hivyo tafadhali usitwange tena. Nitumie mahindi vile iko, na maharagwe, nichanganye nijipikie isyo, na maganda yake. Ile muthokoi ya mwisho nilipatia Jackton.

Mume wako,
Baba Mwelu


Kathonzweni, 13 Februari

Baba Mwelu,

Huku tuko wazima. Mvua hakuna. Pole ya tumbo, kama ni ya kweli.

Eti nisitwange? Nani alirudisha sahani yangu mbele ya mama yake, mwaka tulioana, akisema mahindi na maganda ni ya mwanamke mvivu? Bega yangu imeisha kwa kinu, halafu anakula ni Jackton? Mwanaume hagawi chakula ya bibi yake kama hajapata ingine. Sema tu jina yake. Isyo yake ni tamu?

Nimekutumia muthokoi. Hii nimetwanga mara mbili.

Mama Mwelu


Kinoo, 20 Februari

Mama Mwelu,

Bega inaendeleaje? Watoto wanasoma? Gunia imefika, nyeupe kama chumvi. Sijakula.

Hakuna mwanamke. Angekuwa, angenitoroka wiki hii. Barua yako ilinikasirisha nikanunua ndengu, maharagwe, sukuma na malenge, nikamaliza yote siku moja. Daktari alisema niongeze pole pole na maji mengi, lakini unanijua. Kesho yake niko kwa lifti na mkubwa wa ofisi na wageni wake, tumbo ikaanza kuongea. Wageni walishuka orofa si yao. Jioni nikimwambia Jackton, alicheka akashika ukuta: "Omera, hao bakteria wako wameitisha mkutano!"

Lakini hiyo sahani ni kweli nilirudisha. Nilitaka mama aone niko na bibi wa kunijali. Na Krismasi nilikuona ukihamisha mchi mkono wa kushoto, wa kulia umekataa. Nikauliza chakula itaiva saa ngapi. Hiyo inanisumbua kuliko tumbo. Nisamehe.

Baba Mwelu


Kinoo, 9 Machi

Mama Mwelu,

Mko salama? Hujajibu. Nikipiga, Mwelu anasema uko shamba. Shamba gani na mvua hakuna? Maharagwe naongeza kidogo kidogo. Damu imepungua lakini iko. Niandikie hata kama ni matusi.

Baba Mwelu


Kathonzweni, 23 Machi

Baba Mwelu,

Sisi wazima, mvua imeanza. Nilipigia Jackton simu. Ameapa hakuna mwanamke, halafu akaniambia ya lifti upya, na sauti zote. Nilicheka mpaka Mwelu akakuja mbio.

Nilinyamaza kwa sababu ya aibu, si hasira. Acha na mimi niseme yangu. Mimi na watoto hatukuli muthokoi. Ukishapanda gari ya Nairobi, tunaweka isyo na maganda yake. Imekuwa hivyo siku zote. Kutwanga ilikuwa ya wewe peke yako. Hapa hakuna mtu anajua shida ya choo. Ningekuambia, lakini ulinirudishia sahani mara moja, nikaogopa ya pili.

Bibi yako,
Mama Mwelu


Kinoo, 27 Machi

Mama Mwelu,

Salamu kwa wote. Barua nimesoma. Kumbe nikija nyumbani mnanipikia kama mgeni.

Nakuja Ijumaa. Pikeni ile yenu. Usinitengee sufuria yangu.

Baba Mwelu