Kata vile niko

Jumamosi

Aibu gani? Leo kwa fundi, tulipopeleka vikwembe, vitambaa vya kushona nguo za ndoa ya shemeji yangu, mama mukwe alininyooshea kidole, akamwamuru fundi: «Acha nafasi kwa nguo ya huyu, ataongeza kilo. Bantu batasema mwanangu hamulishi.» Nikaitikia kwa kichwa, mjinga mimi.

Na juzi tu muuguzi alinipima kilo, halafu akanisimamisha ukutani kunipima urefu. «Mama, kwa urefu wako, kilo hizi iko sawa. Zile za zamani zilikuwa mingi.»

Naogopa midomo ya ukoo, sikatai. Lakini jioni nilirudi peke yangu: «Fundi, kata vile niko.»

Zamani nikicheza wimbo mmoja tu, nahema. Siku ya ndoa nitacheza mpaka bapiga ngoma bachoke. Mama mukwe ahesabu nyimbo, aache mifupa yangu.