Kadi Isiyo na Waranti

Mowlem, Jumapili

Dada Annah,

Natumai goti limetulia. Sisi huku ni wazima, na maji yamerudi mtaani tangu Alhamisi. Usishangae kuona nimeandika kwa herufi kubwa.

Mwanangu Triza anaunda kompyuta ya gemu. Ndani ya gemu moja ametujengea upya boma tulikofukuzwa, akifuata maelezo yangu. Ameniachia nichague kadi ya picha, kifaa kinachochora yote yanayoonekana kwenye skrini. Ziko mbili, bei karibu sawa. Moja ni mpya, ina waranti ya miaka mitatu, ila kumbukumbu yake ni ndogo na miti ya mbali huonekana kama moshi. Nyingine imeshatumika, haina waranti, lakini inaonyesha kila jani.

"Baba, hiyo kuukuu ikizima mwezi ujao utamlilia nani?" Triza aliniuliza. "Ama unapenda presha?"

Nilicheka tu. Yeye sijamwambia, nakuambia wewe: jicho la kushoto limeshapofuka, na daktari anasema la kulia halitafika Krismasi. Waranti ya miaka mitatu nitaifanyia nini? Naogopa, Annah. Siku hizi naogopa hata kuzima taa.

Nimechagua iliyotumika. Inawekwa Jumamosi. Nijibu kabla ya hapo: kaburi la mama lilikuwa upande gani wa mlango? Nilimwambia Triza kulia, kisha nikasema kushoto. Nataka nikilitazama liwe mahali pake.

Ni mimi kaka yako,
Mulongo