Kamba Nne za Turubai

3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Nakuamkia kwa heshima. Natumaini goti lako limepoa. Mimi ni mzima, na leo nina habari njema. Baraza la jiji limepitisha kanuni mpya: kila mchuuzi atakuwa na mraba uliopakwa rangi kando ya ukuta wa stendi, na askari hawatamgusa. Ramani nimeichora mimi mwenyewe. Wako ni namba kumi na nne. Sharti ni moja tu: meza za kupigiliwa chini, si maturubai ya kamba. Kamba zikate, dada. Siku za kukimbia zimekwisha.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na goti linakusalimu; halijapoa. Barua yako niliwasomea wenzangu wote. Fundi Kufuli, yule mzee jirani yangu, akacheka. "Mama Sufuria, miaka ishirini nikisikia filimbi navuta kamba nne, turubai linakuwa mzigo, natimka. Meza itatimka na nani?" Nikamwambia aliyechora ni ndugu yangu wa tumbo moja. Akaniomba kisu cha kukatia kamba zake.

Dada yako

29 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi siwezi kusema sijambo. Jana saa nne asubuhi askari wa jiji walishuka kwenye malori mawili, wakaziba ncha zote mbili za ukuta. Tulisimama ndani ya miraba tukiwaonyesha namba. Mkuu wao alisema hajaona kanuni yoyote. Rungu la kwanza lilinivunja mkono wa kushoto. Fundi alikuwa akiing'oa meza yake.

"Mzee, iache, toka!"

"Nimeipigilia mno, mama!"

Wakampiga kichwani mpaka damu ikaifunika namba yake, kumi na tano. Tulimbeba wanne kwa turubai langu, kila mtu na kona yake, na kwa kukosa kamba likawa linatuponyoka. Alikata roho kabla ya geti la hospitali.

Sasa Baraza linadai miraba tuliipaka wenyewe. Uchunguzi ni Jumatatu, tarehe sita. Njoo na ramani.

Dada yako

2 Aprili

Dada yangu mpenzi,

Pole sana kwa mkono. Ramani imechukuliwa ofisini. Nakala iliyobaki iko chini ya godoro langu. Mkubwa wangu ameniambia, "Una kazi, una watoto, una mdomo. Chagua viwili." Naomba unielewe.

Mdogo wako

7 Aprili

Bwana Mchora Ramani,

Afya yako sikuulizi. Jana nilikuona ukumbini, na suti imekukaa. Ulipoulizwa kama wanifahamu, uliutazama mkono wangu uliofungwa, ukajibu, "Nimewahi kumwona akiuza sufuria." Mjane wa Fundi alikuwa amekaa kati yetu.

Leo amenifungia kamba nne mpya kwenye turubai, maana mkono mmoja haufungi fundo. Saa tano filimbi ikalia. Nikazivuta kwa meno. Sufuria zote zilitoka pamoja nami.

Mchuuzi, namba kumi na nne