Dada, Nimetoa Namba Yako kwenye Mashine

Mpendwa dada Neema,

Barua hii nimeichapa mwenyewe kwenye mashine yako, ile kompyuta ya kibandani, na imenimalizia asubuhi nzima. Si kwamba maneno yalikosekana. Nilikuwa nimekwisha kuandika ukurasa mzima, nikauhifadhi, halafu sikujua umekwenda wapi. Nimeutafuta mpaka Mama akaniuliza kama nimepoteza pesa. Nimeukuta mahali ambapo sikuwahi kuweka kitu, mashine imejichagulia yenyewe. Sasa nachapisha kila aya ninapoimaliza, ili isinikimbie tena.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulinikalisha kwenye kiti cha plastiki, ukaweka mkono wako juu ya wangu, tukashika kipanya pamoja kama mama na mtoto wanaokamua ng'ombe kwa mara ya kwanza. "Usiangalie mukono," ulikuwa unasema. "Enda kwenye kona, chini, kushoto. Vyote vinatokea pale." Nilipozoea, ulianza kwenda kunywa chai kwa jirani ukiniacha peke yangu na wateja, kwa makusudi. Nilikuwa nikikuita, na wewe unajibu kwa sauti kutoka kule: "Kona, Furaha! Anzia kwenye kona." Watu walikuwa wanacheka, na mimi pia. Kwa njia hiyo nilijifunza kuchapa kadi za ubatizo, mialiko ya ndoa, barua za mashamba, maswali ya mitihani. Mwishoni nilikuwa nafanya kazi huku nazungumza na mteja, bila kutazama.

Halafu mume wako akapata kazi ya kufundisha Kibua, ukaenda kumtazama na mkoba mmoja tu. Ulisimama mlangoni pa kibanda, motari akikungoja juu ya pikipiki yake, ukasema: "Ubakie na mashini. Niko narudi mbele ya kuvuna maharagi." Nyuma yako njia ya Kibua ikafungwa. Unajua vizuri kuliko mimi kilichoifunga, na sitakiandika hapa. Maharagi tuliyavuna, tukapanda mengine, tukavuna tena.

Kuna jambo sikukueleza vizuri kwenye simu, kwa sababu rezo ya simu huko kwenu inakata kila ninapofika katikati. Mashine ilianza kujizima. Wakati ule njia ya Goma ilikuwa bado inapitika, nikaifunga kwenye blanketi, nikampa motari aipeleke kwa fundi. Ilirudi imepona, lakini si ile. Fundi aliniambia kwa simu: "Ule mufumo wa zamani hautunzwi tena. Nimekuwekea mupya. Utazoea."

Siku ya kwanza kuifungua, Papa Directeur, mkuu wa shule, alikuwa amekuja na maswali ya mtihani. Unamjua, hakai, husimama nyuma ya mgongo wako akipumua. Mkono wangu ulikwenda kwenye kona ya chini, kushoto. Hapakuwa na kitu pale ila picha ya kijua kidogo na hali ya hewa ya Kinshasa. Nikabonyeza, kukafunguka habari za wanamuziki na mipira. Nikafunga, nikarudi palepale, mkono haukutaka kuelewa. Kitufe cha kuanzia kilikuwa kimehamia katikati. Nikataka kunakili swali, neno lenyewe halikuwepo. Kulikuwa na vipicha, mkasi mdogo, vikaratasi viwili vilivyolaliana. Kazi nyingine zilikuwa zimefichwa nyuma ya mstari unaosema ukitaka kuona zaidi, bonyeza hapa. Ukibonyeza, yote ya zamani yanatokea, yalikuwepo muda wote.

"Furaha," akasema Papa Directeur, "ni weye umesahau, ao ni mashini njo imesahau?"

"Ni mashini, Papa."

"Basi niende, nirudi kesho?"

Akaenda. Kesho yake alirudi, na kesho kutwa pia. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Dada, sijui kama utanielewa. Masisi imekuwa ndogo. Huku hatuendi, kule hatuendi, hata Karuba kwetu naenda siku watu wakisema njia iko sawa, nikirudi nimeshika roho mkononi. Kibandani tu ndimo nilimokuwa nikijua kutembea nikiwa nimefunga macho. Sasa na humo nimekuwa mgeni. Najifunza upya kufungua, kuhifadhi, kuchapisha, vitu ambavyo nilivijua. Siku nyingine napata, nafurahi, kisha mashine inajifanyia marekebisho, inaandika nisiizime, na mimi naangalia batri ya sola ikishuka huku mteja ananiangalia mimi.

Papa, baba yetu, alipokufa, hukuweza kuja. Mama alihamia kwangu na sufuria zake na kitambaa anachochujia maziwa ya jibini. Tulipopanga misa ya kumaliza kilio, ulipanda juu ya kile kilima chenu chenye rezo, ukaniomba kitu kimoja: "Kwenye karatasi ya misa, muweke ile picha yake na Bihogo."

Ile picha ya Papa na ng'ombe wake uliipiga wewe kule Karuba, mvua ikianza kushuka kutoka upande wa Mushaki. Papa hakutaka. "Piga ngombe," alisema, "mimi uniache." Na wewe ukamjibu: "Basi simama pembeni yake, asiogope." Akasimama. Mkono wake uko juu ya mgongo wa Bihogo, uso wake umekunjamana kama mtu anayedaiwa, na ukitazama vizuri unaona kwamba anajizuia kucheka. Haikuwepo mahali pengine popote ila ndani ya mashine, kwa sababu simu yako ile iliibiwa.

Wiki hiyohiyo mashine ikanifungia nje. Ilikataa neno la siri na kusema itatuma tarakimu kwenye simu ya mwenyewe. Mwenyewe ni wewe. Fundi alikuwa ameandika namba aliyoikuta kwenye karatasi uliyobandika ubavuni mwa mashine, ile ya wateja kukupigia. Hakuna aliyemwambia kwamba mwenye namba yuko upande mwingine wa njia iliyofungwa.

Siku ile ya kwanza tulipoomba tarakimu unaikumbuka. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chako.

"Imefika?" nikakuuliza kwenye simu.

"Bado. Ngoja. Kuko upepo sana huku. Eh, imefika. Andika. Saba, mbili..."

Ikakata. Ulipopatikana tena, ukanisomea zote, nikaandika zote, mashine ikasema zimepitwa na wakati. Tukaomba nyingine. Ikafika kwako wakati ulikuwa umekwisha kushuka. Kesho yake tukaomba mara nyingi mpaka ikasema tumeomba kupita kiasi, tungoje. Mama akanyoosha mkono akafunika kioo kwa kanga yake, kama anavyofunika maziwa.

"Muachane nayo," akasema. "Sura ya baba yenu naijua."

"Neema njo anaitaka, Mama."

"Neema naye anaijua."

Hakulia. Lakini aliporudi nyumbani hakuchuja maziwa wala hakupika, alikaa tu. Nikajua kwamba na yeye alikuwa anaitaka.

Tukajaribu tena asubuhi, kabla watu wa Kibua hawajaamka kushika rezo yote. Ulinisomea tarakimu bila kupumua, na mimi nikaandika bila kupumua. Ikafunguka. Uliposikia ninavyokohoa kuficha machozi, ukajua. Kisha ukasema: "Sasa toa namba yangu. Weka yako."

Nikasema nitaiweka baadaye.

"Furaha, weka sasa, ningali nakusikia."

Nilipata taabu kupata mahali pa kuibadilisha, na wewe ulingoja kule juu kilimani. Niliposema "imekubali," nilisikia upepo wa kilimani ukivuma kwenye simu. Halafu ukaniambia, "Njo vizuri, ni sawa hivyo," na ukashuka.

Picha niliikuta. Wino wa rangi ulikuwa umeisha, na mwingine hauji kutoka Goma, kwa hiyo Papa ametoka mweusi na mweupe, na Bihogo aliyekuwa mwekundu amekuwa wa kijivu. Watu waliipenda hivyohivyo. Kanisani Mama alikaa mbele na karatasi mapajani, uso wa picha ukiwa juu, na wakati wa mahubiri nilimwona akiipangusa kwa kidole. Baada ya misa, mama mmoja wa kwaya akamuuliza ni nani ametengeneza makaratasi mazuri hivi. Siku zote Mama alikuwa akisema, "Ni kwa mashini ya Neema." Safari hii akasema: "Ni huyu Furaha. Mashini iko yake."

Wote waligeuka wakanipongeza. Nami nilitabasamu, lakini moyoni nilisikia kitu kinafungwa. Kwa sababu wakati mashine ilikuwa na jina lako, mimi nilikuwa nimekushikia tu. Nilikuwa mtu anayepita. Umesahau? Ulisema ukirudi, utakaa kwenye kiti chako, na mimi nitakwenda Goma kusomea uuguzi. Fomu za kuombea shule bado ziko sandukuni, na Mama anazizungukia akipanga nguo.

Sasa wanakuja watu kutoka vilimani, wanauliza "kwa Furaha ni wapi?" Papa Directeur amerudi kunipa kazi zote za shule. Kitufe cha katikati nimekizoea, ingawa mkono wangu bado unakwenda kwenye kona nikichoka. Kila mtu ananiambia nimefaulu. Ni kweli, nimefaulu, na kadiri ninavyofaulu ndivyo wanavyosahau kwamba nilikuwa na mahali pa kwenda. Nawe nakuogopa kidogo, dada, kwa sababu ulisema "njo vizuri" kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo.

Sikuandikii ili nikulaumu. Hukufunga njia. Lakini kwenye simu siwezi kukuuliza, Mama akiwa pembeni na rezo ikikatika, kwa hiyo nakuuliza hapa, pamoja na karatasi hii ya Papa niliyokuhifadhia: njia ikifunguka, utarudi? Au umekwisha kuanza shamba huko, na unashindwa kuniambia?

Kama utarudi, nitakungoja, na sitanung'unika. Kama hutarudi, nitamfundisha mtu mwingine kazi hii, hata kama itachukua muda, nami nitajitafutia njia yangu ya kutoka. Ninachoshindwa kubeba ni kukaa hapa bila kujua. Niandikie neno moja nyuma ya barua hii, umpe motari huyuhuyu aliyekuletea, maana yeye peke yake wanamruhusu kupita. Amekubali kungoja mpaka umalize kuandika.

Mungu akulinde huko, na watoto, na shemeji.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwacha Masisi,
Furaha